Ukienda Chwaka, uliza maji kwanza

Mara ya kwanza nilipokwenda kulala Chwaka, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, nilichagua siku kwa kufuata nafasi ya kazini. Nikafika maji mafu. Bahari haikupwa ikapwa kweli, wala haikujaa ikajaa. Siku mbili nilishinda barazani kwa wenyeji wangu nikitazama maji yale yale. Bibi mwenye nyumba akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ulipotoka mjini hukutizama mwezi?"

Tangu siku hiyo natizama mwezi kabla sijafunga mkoba, na wewe nakusihi ufanye hivyo. Bamvua, yaani maji yanayopwa sana na kujaa sana, huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji huwa yamepwa kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na alasiri yanakuwa yamejaa tena. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Ghuba ya Chwaka haina kina kirefu, kwa hiyo maji yakitoka yanaacha uwanja mkubwa wa mchanga, tope na majani ya bahari, na kijiji kizima kinashuka. Akina mama wanachokoa chaza, wengine wako kwenye mwani, vijana wanakagua madema, ile mitego ya samaki ya kusukwa.

Nenda nao, lakini usiende peke yako. Mimi nilikwenda peke yangu safari ya pili, nikapendezwa na kila dimbwi mpaka nikasahau saa. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma ngalawa yake kwa pondo akanipigia kelele: "Rudi, maji yashaanza kujaa! Pita huku, si huko!" Nilipogeuka, pale niliposimama palikuwa bado pakavu ila upande wa kijijini maji yalikuwa yameshafika kimo cha magoti. Maji ya ghuba yanaingia kwanza kwenye vijito na mabonde, ndipo yapande juu ya mchanga. Unaweza kusimama pakavu huku njia ya kurudi imeshakatika. Nilimfuata mzee yule hatua kwa hatua, na moyo wangu haukutulia mpaka nilipokanyaga ufukwe.

Vaa viatu vinavyoshika mguu, maana chini kuna vijiwe vikali na wadudu wenye miiba. Usikanyage kamba za mwani wala using'oe vigingi. Ile ni shamba la mtu. Picha omba kwanza.

Halafu usiache kwenda pwani samaki wanapoletwa na kunadiwa. Chwaka ni ya tasi. Wanavuliwa kwa madema yanayowekwa kwenye majani ya bahari wanakolisha. Nilimtazama mvuvi akiwatoa mmoja mmoja, vidole vyake vikipita kutoka kichwani kwenda mkiani ili mapezi yalale, kwa sababu miiba ya tasi ina sumu na ikikuchoma utakesha. Ukinunua, mwombe akutengenezee palepale. Bibi alinichomea wangu kwa makaa ya vifuu, akamwagia ukwaju na pilipili, na mpaka leo sijala tasi mtamu kuliko yule.

Mikoko tenga nayo asubuhi nzima. Sehemu ya ghuba na msitu wa Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na ukishuka Jozani utawaona kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, na kupita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Usiwalishe kima na usiwasogelee. Ila mimi napenda zaidi kupita na mtu wa kijijini anionyeshe huu mkandaa, huu mchu, ule mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui.

Ukitaka kulala nyumbani kwa mtu, mwenyeji wako akupeleke mapema kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini. Vaa nguo ya stara ukiwa kijijini, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Piga hodi hata kama mlango uko wazi, na usilipite baraza lenye wazee bila salamu.

Gari ya mwisho ya kurudi mjini muulize utingo siku ile ile unapofika. Na ukiona bado hujashiba na bahari, lala siku moja zaidi. Kesho yake maji yatakuwa yamechelewa kidogo, na utapata muda wa kunywa chai na mkate wa kumimina kabla hujashuka.