Kibodi ya MIDI yawaka taa lakini hailii

SWALI: Assalamu alaikum fundi. Napiga kinanda harusini hapa Lamu. Nimenunua kibodi ya MIDI ya USB, nikaichomeka kwenye laptop ya Windows yenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki. Taa zinawaka, sauti hakuna. Kijana mmoja aliigusagusa ikalia, lakini sauti yaja nyuma ya kidole. Ni mbovu? Na zile robo toni za taarabu nitazipata? – Msomaji, Langoni.

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Usiirudishe dukani. Kinanda chako cha harusi kina sauti zake ndani. Hiki kipya hakina hata moja. Tangu MIDI ilipotoka mwaka 1983, kinachopita kwenye waya ni maagizo tu: noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu gani kuanzia 1 hadi 127, imeachiwa lini. Anayelia ni ala iliyo ndani ya programu, kwa hivyo spika chomeka kwenye laptop.

Taa kuwaka ni umeme tu. Ukitumia waya wa kuchajia simu, mwingine haupitishi data kabisa, na taa itawaka vilevile. Waya ukiwa sawa, ingia Options, kisha MIDI Settings, chagua jina la kibodi yako kwenye Input na uwashe Enable. Halafu weka ala, mfano FL Keys, na uibofye iwe ndiyo iliyochaguliwa. Hapo wengi hukwama: wamechagua ngoma, wanangoja piano.

Kuchelewa kunatokana na laptop. Kompyuta hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuitoa, na ukubwa wa fungu ndio bafa. Kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 2,048 inakula milisekunde 46 hivi, na kidole cha mpigaji hakikosi kuzisikia. Ya 256 inakula takriban 6. Ingia Audio Settings, kwenye Device chagua FL Studio ASIO, kisha punguza bafa taratibu huku ukipiga. Sauti ikianza kukwaruza, rudi juu hatua moja. Wakati wa kurekodi bafa iwe ndogo; ukifika kwenye kuchanganya sauti ulizorekodi iongeze, kwa kuwa hapo hupigi tena. Na spika za bluetooth ziweke kando, zina ucheleweshaji wao ambao hakuna bafa itakayouponya.

Robo toni, yaani nusu ya semitoni, zipo. Gurudumu la kushoto (pitch bend) kwa kawaida huvuta noti semitoni 2 kila upande, basi robo toni ni robo ya mwendo wake kutoka katikati. Katika Bayati, maqamu ya Kiarabu, ikianzia Re, Mi ndiyo ya kuteremshwa hivyo. Kwa mkono ni vigumu kulenga palepale, mimi huichora baadaye kwenye programu. Ila gurudumu huvuta noti zote za chaneli moja kwa pamoja, kwa hivyo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za mkono wa kushoto zirekodi kwenye chaneli yao, la sivyo nazo zitateremka.