Nilivyoendesha mzunguko wa postikadi za minara ya taa, na kilichoniuma

Juzi dada mmoja wa Tanga ameniandikia: "Kaka, nataka tuanze kutumiana postikadi za minara ya taa. Wewe ulifanyaje mpaka mkafika watu 22?" Ujumbe wake nimeusomea kwenye foleni ya Posta, mkononi nina kadi ya Bell Rock kutoka Uskoti, mnara uliowashwa mwaka 1811 juu ya mwamba ambao bahari ikijaa unafunikwa wote. Nikasema huyu nitamjibu hadharani, maana wenye hamu kama yake ni wengi.

Nianze na nilipoanguka. Mzunguko wa kwanza niliuendesha kama upatu. Tulikuwa 12, wa Dar, Zanzibar na Mombasa, na kila mwezi mmoja wetu anapokea kadi 11 kutoka kwa wenzake. Wa kwanza kupokea alikuwa rafiki yangu, mtu aliyekuja kufuturu nyumbani kwangu. Kadi zake zikamfikia zote 11. Mwezi wa pili zamu ikawa ya mama mmoja wa Mombasa, rafiki yangu hakutuma. Mwezi wa tatu hakutuma. Nikampigia, akaniambia, "Si karatasi tu hizo?" Kufika mwezi wa tano tumebaki watano, na lawama zote zangu. Neno lile mpaka leo sijalimeza.

Kwa hiyo usifanye upatu. Sasa napiga kura: majina kwenye vikaratasi ndani ya bakuli, kila mtu anatuma kadi moja na kupokea moja, wote ndani ya wiki ileile. Kabla ya kuitumbukiza kadi, mtumaji anaipiga picha ikiwa na stampu yake na kunirushia. Asiyeleta picha, kura inayofuata jina lake halimo, hata awe nani. Yote naandika kwenye daftari: nani, kwa nani, imetoka lini, imefika lini. Andika, ndugu yangu. Usitegemee kichwa, andika. Mtu anayeshindwa kutimiza ahadi ya kadi moja, hiyo ya ndoa au ya deni ataitimizaje? Tumezoea mno kupokea.

Kilichonitesa baadaye ni anwani. Huku kwetu barua nyingi hazigongi mlango, zinaingia sanduku la posta, na watu wanakuandikia sanduku la ofisi waliyoacha zamani. Kadi tatu zimenipotelea hivyo. Siku hizi namuuliza mtu swali moja: ufunguo wa hilo sanduku anao nani? Asipojua, simwandikishi.

Kadi zenyewe ilibidi nizitengeneze, kwani madukani nilikuwa naona twiga na Kilimanjaro. Nilipanda boti ya Zanzibar, nikakaa nje na upepo wote ule, nikaunasa mnara wa Chumbe, wa mwaka 1904, ukichomoza juu ya miti. Picha 30, zikafaa mbili. Studio moja ya Kariakoo ikanichapia inchi 4 kwa 6. Hapo nikajifunza jambo: karatasi ya picha inayong'aa haishiki wino wa kalamu ya kawaida. Niliandika salamu, nikapitisha kidole chenye jasho, jina la mtu likageuka doa la buluu. Chapisha kwenye karatasi nzito isiyong'aa. Nyuma yake, upande wa kushoto, weka jina la mnara, mwaka wake, na namna taa inavyomulika, kwani kila mnara una mpigo wake na baharia huutambua kwa huo. Wapenzi wa minara husoma hapo kabla ya salamu. Kulia acha nafasi ya anwani na stampu. Na dirishani omba mhuri ugongwe kwa mkono, taratibu, tarehe isomeke.

Na wewe dada, kisiwa cha Ulenge kiko hapohapo Tanga na kina mnara wake. Tafuta mvuvi akupeleke siku bahari ikiwa shwari. Kwenye daftari nimekuachia mstari, ukurasa wa 31, tarehe ya kufika bado iko wazi.