Mdogo Wako Anatumia Unga? Msimfungie Chumbani

Wiki hii dada mmoja wa Mwanza ameniandikia. Mdogo wake wa kike ameingia kwenye unga, yaani heroini, na wazee wameamua afungiwe chumbani mpaka arosto iishe, yale maumivu ya mwili unaoukosa unga. Ananiuliza siku ngapi zinatosha. Nimeshamjibu, lakini wenye swali hilo ni wengi.

Mimi nilifungiwa. Aliyenionjesha alikuwa mchumba wangu, tukianza na kokteli, bangi iliyochanganywa na unga. Wasichana wengi niliotumia nao waliingizwa hivyo hivyo, na mwanaume waliyempenda. Nyumbani walipojua, wajomba wakaweka kufuli. Mifupa iliuma, nikatapika, nikaharisha, usingizi ukagoma, na nje ya mlango nasikia naitwa malaya. Neno hilo bado linaniuma kuliko arosto yenyewe. Mwanaume akitumia huitwa teja, basi. Mwanamke huongezewa na la pili.

Kufuli lilipofunguliwa nilirudi maskani. Mwenzangu naye alikuwa amefungiwa kwao. Alipotoka akavuta kipimo chake cha zamani, akafa. Mwili uliokaa bila unga hauwezi tena kuhimili kiasi kile. Wazazi, lishikeni hili.

Kilichonitoa ni methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya unga. Kliniki ya kwanza Tanzania Bara ilianza Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa Mwanza, Mbeya na Dodoma zipo. Dawa ni bure. Unainywa mbele ya mhudumu, na dozi moja inakuzuilia arosto siku nzima, kwa hiyo huamki ukiwaza hela ya kete. Shangazi zangu walisema nimeacha unga nikashika unga mwingine. Leo nina cherehani zangu, kodi nalipa mwenyewe, mwanangu yuko shule, na sare za watoto wao nazishona mimi. Basi wanijibu wenyewe kama huo ni unga.

Pale kliniki wanawake tulikuwa wachache mno. Nauli ya kila siku inatoka wapi? Mtoto anabaki na nani? Wengine wana bwana anayetumia pia, anayesubiri hela wanayoileta usiku, na hataki waache. Kwa hiyo ndugu, acheni kumhubiria binti. Mpeni nauli, mbaki na mtoto wake, mmoja wenu aende naye, hasa siku za mwanzo. Akirudia unga, mrudisheni kliniki. Narudia: mrudisheni.

Na kuna jambo ambalo wajomba hawaliulizi. Unga huvuruga hedhi, wengi inakatika kabisa, binti akadhani hashiki mimba tena. Anashika. Akikatishiwa unga ghafla akiwa mjamzito, mimba inaweza kuharibika au mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Methadoni wajawazito hupewa, chini ya uangalizi wa daktari. Ndiyo maana yule dada nimemwambia kesho asubuhi, kabla ya kikao chochote cha ukoo, ampeleke mdogo wake akapimwe mimba, kisha waingie kliniki pamoja.