Maswali na majibu: kabla hujauliza sindano, nusa banda lako

Maswali ya nguruwe kukohoa yamekuwa mengi mno. Nimechukua machache, na mengine nimeshayajibu mpaka nimechoka.

Swali: Dokta, nguruwe wanakohoa, nichome sindano gani?

Wangapi, wa umri gani, wanakula, umewapima joto? Hujaandika hata kimoja. Rudi bandani kwanza.

Swali: Wana miezi mitatu, wanakohoa kikohozi kikavu hasa wakiinuka asubuhi. Wanakula ila kundi halilingani, wengine wamedumaa. Nimechoma penisilini siku tano, wapi!

Huyu angalau kaangalia. Hiyo inafanana sana na nimonia ya mikoplazima, bakteria wa mapafu ya nguruwe, na penisilini hapo unamtoboa mnyama bure, maana penisilini na mwenzake amoksisilini zinashambulia ukuta wa seli ya bakteria na mikoplazima hana huo ukuta kabisa. Zinazomgusa ni kama oksitetrasaiklini, tailosini au tiamulini, ipi na dozi gani aamue daktari wa mifugo aliyewaona. Mdudu huyu anaharibu vile vinyweleo vya kwenye njia ya hewa vinavyosukuma uchafu utoke nje, vikishakwisha bakteria wengine kama pasturela wanashuka mapafuni bila kizuizi, ndo maana mwanzo unaona kikohozi tu alafu baadaye homa na vifo. Na hao waliodumaa najua umewafanya nini, umewarudisha kwa wadogo "wapate nafasi ya kula". Huyo uliyemuonea huruma ndo anawakoholea wadogo usoni! Kundi liingie pamoja, litoke pamoja, banda lioshwe likauke, ndo waingie wengine. Alafu uliza dawa ya minyoo walipewa lini, kwasababu mabuu ya minyoo mikubwa nayo yanapita kwenye mapafu na yanakohoza, na antibayotiki haziuwi minyoo.

Swali: Nimeziba banda lote kwa maturubai ili wasipate nimonia ya baridi. Nipo sawa?

Haupo sawa, na mko wengi. Chuchumaa hapo ndani asubuhi kabla hujafagia, shusha pua yako mpaka usawa wa pua ya nguruwe, kaa hivyo dakika mbili. Macho yakiwasha na koo likikwaruza, wewe unatoka nje, yeye anabaki humo usiku kucha. Hiyo ni amonia ya mkojo na kinyesi, inatakiwa isifike sehemu 20 kwa milioni, ikiwa chini ya 10 ndo vizuri zaidi, na ikizidi inaudhoofisha ule ule ulinzi wa njia ya hewa niliosema hapo juu. Kinachotakiwa ni kuziba chini wanapolala, hasa watoto walioachishwa kunyonya juzi, na kuacha wazi juu ili hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga mgongoni. Wakilala wamelundikana wana baridi, wakilala kila mmoja kivyake mbali na mwenzake wana joto. Kipimajoto ni kizuri lakini hao wenyewe wanakuambia bure. Na punguza idadi jamani, banda la kumi mnaweka ishirini alafu mnaulizia chanjo.

Swali: Jioni alikuwa mzima, asubuhi kafa, povu lenye damu puani. Kalishwa sumu?

Acha kuwasingizia majirani. Inaweza kuwa pluronimonia ya aktinobasilasi, nimonia kali ya bakteria inayoshika mapafu na utando wake, ile inaua ndani ya saa 24. Lakini kifo cha ghafla chenye damu kinaweza kuwa pia homa ya nguruwe ya Afrika au kimeta, kwahiyo usimpasue, usimle, usiuze wengine haraka haraka, ita daktari leo. Wapime waliobaki: kawaida ni kama nyuzi 39, ukikuta 41 na mnyama anahema kwa tumbo au kakaa kitako kama mbwa, dawa ya kwenye chakula haimsaidii kwasababu hali chakula, huyo ni wa sindano. Na sio sindano yoyote! Tilmikosini ya kuchoma, ile ya ng'ombe, inaua nguruwe.

Swali: Niweke antibayotiki kidogo kwenye chakula kila siku kama kinga?

Hapana. Unafuga bakteria sugu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu 2006, na 2022 wakakataza na hizi za kinga ya kila siku. Na mnaochanganya wenyewe, tiamulini ikikutana na monensini au salinomisini, zile dawa za koksidia za kwenye chakula cha kuku, utazika nguruwe.

Swali: Nikichanja mikoplazima si yameisha?

Chanjo inapunguza vidonda vya mapafu na hasara ya ukuaji, haizuii kuambukizwa.

Swali: Nimepata jike zuri mnadani, nimweke wapi?

Mbali na wenzake, na viatu vyake vya kuingilia. Wiki nne ndo chini kabisa, ila jike aliyepata mikoplazima anaweza kuendelea kuambukiza kwa zaidi ya miezi sita akiwa anang'aa, kwahiyo karantini peke yake haitoshi. Nunua kwa mfugaji mmoja ambaye banda lake umelisikiliza, sio mmoja mnadani, wawili kwa jirani.

Swali: Nitajuaje kama banda limepona?

Siku ya kuchinja omba uone mapafu. Yenye afya ni ya pinki na laini kote, ya mikoplazima yana mabaka ya zambarau au kijivu, magumu kama nyama, kwenye ncha za mbele kwa chini. Hesabu yenye mabaka, andika, linganisha na kundi linalofuata.