Vipele vya mashavuni na doa la wayoni

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Nina vipele vidogo vyeusi mashavuni, na kila mwaka vinaongezeka. Mama yangu pia anavyo. Kuna wanaoniambia ni kansa. Niviondoe? Halafu mama, ambaye ana miaka 63, ana doa jeusi kwenye wayo lililoanza mwaka jana. Yeye anasema ni mwiba wa shambani. – Msomaji, Ahero

JIBU: Dada, naanza na ulilolitaja mwisho, kwa sababu ndilo lenye haraka. Mpeleke mama hospitali wiki hii.

Ngozi yetu nyeusi ina melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, nayo hutukinga sana na kansa za ngozi zinazoletwa na jua. Lakini melanoma, kansa ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, ikitupata sisi mara nyingi hutokea mahali jua lisipofika: wayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Huku kwetu, kwa anayelima mpunga miguu mitupu, doa kama hilo huitwa mwiba, na mtu hukaa nalo hadi linakuwa kidonda kisichopona.

Sisemi mama ana kansa. Madoa ya wayoni ni ya kawaida kwa Waafrika, na mengi hayana neno: ni madogo, yana rangi moja, na yamekaa vilevile miaka nenda miaka rudi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hili la mama limeanza ukubwani. Muoshe mguu, akae penye mwanga wa mchana, ulitazame vizuri. Nusu moja inafanana na nyingine? Ukingo umenyooka au umechanikachanika? Rangi ni moja, au kuna nyeusi, kahawia na kijivu pamoja? Pima kwa rula. Likizidi milimita 6, mwambie daktari. Mwambie pia kama linakua, linawasha au linatoa damu. Kutouma kusiwatulize, maana melanoma mara nyingi haiumi mwanzoni. Tazama na kucha zake: mstari mweusi kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka au kumwaga rangi kwenye ngozi ya pembeni, nao uonyeshwe.

Tafadhali, asikubali mtu alichokoe kwa wembe wala kulichoma kwa dawa. Likichomwa, hakuna kitakachobaki cha kupima. Daktari atalitia ganzi, akate kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara; hiyo ndiyo njia ya kujua kwa hakika. Melanoma ikigunduliwa ingali juujuu, mara nyingi kuikata tu kunatosha. Ikishaingia ndani na kusambaa, matibabu huwa magumu na ya gharama kubwa. Anzeni na kituo cha afya cha karibu, muombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu nanyi ni Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu. Kabla ya kwenda, hakikisheni usajili wa mama wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa.

Vipele vyako, kwa jinsi ulivyovieleza na kwa kuwa mama pia anavyo, yaelekea ni vile vya kurithi ambavyo watu wengi weusi huwa navyo usoni. Huongezeka na umri na havigeuki kansa. Kuviondoa ni hiari yako, ila usivichome saluni, vinaweza kukuachia makovu na mabaka. Siku ya kumpeleka mama, muonyeshe daktari na mashavu yako.