Rafu ya Msomaji: Muuaji Asipatikane kwa Ndoto

*Shikamoo mama. Nimemaliza riwaya ya upelelezi ya Kikristo niliyoazimwa na rafiki yangu. Mpelelezi anahangaika kitabu kizima, halafu zikiwa zimebaki sura mbili anapiga magoti, anaomba, analala, na usingizini anaoteshwa jina la muuaji. Asubuhi anakwenda kumkamata. Nilikasirika mno. Rafiki yangu anasema imani yangu ni haba. Ni kweli? – Mwanafunzi wa chuo*

Marahaba mwanangu. Imani yako haina tatizo lolote. Aliyekosea ni mwandishi, na hasira yako ni ya haki.

Anayefungua riwaya ya upelelezi amepatana na aliyeiandika: mimi nitakaa macho, wewe usinifiche kitu. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya za aina hiyo, aliandika kanuni kumi za kazi hii. Mhalifu awe ametajwa mapema. Mpelelezi asiwe ndiye mhalifu. Kidokezo chochote anachokiona mpelelezi, msomaji naye akione. Na kanuni ya pili inakataza kabisa kisa kutatuliwa kwa nguvu zisizo za kawaida. Aliyeandika hayo alikuwa padri, mtu aliyeamini miujiza kwa moyo wote. Hata hivyo alijua kwamba ukimwingiza Mungu sura ya mwisho ili akuokoe wewe mwandishi uliyekwama, unakuwa umemtumia.

Kama Biblia yako ina vitabu vya deuterokanoni, yale maandiko ya ziada yaliyomo katika Biblia za Kikatoliki, soma Danieli sura ya 13. Wazee wawili, waamuzi wanaoheshimika, wanamsingizia Susana kwamba wamemfumania na kijana bustanini. Anahukumiwa kufa. Anamlilia Mungu, naye Mungu anamsikia na kuiamsha roho ya kijana Danieli. Mwandishi wa kitabu chako angemaliza hapo kwa malaika kushuka na kutaja waongo. Danieli anafanya kazi. Anaagiza wazee wale watenganishwe, kisha anamuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Wa kwanza anataja mti mmoja, wa pili anataja mwaloni, na uongo wao unaanguka mbele ya watu wote. Sala ilijibiwa kwa kuletewa mtu anayejua kuuliza maswali. Ushahidi bado ulitafutwa.

Rafiki yako atakwambia, mbona Yusufu aliota? Aliota, ndiyo. Lakini angalia ndoto zake mwenyewe zimewekwa wapi: Mwanzo 37, pale kisa kinapoanza. Zinawachukiza ndugu zake, zinamtumbukiza shimoni, na inabidi zipite sura nyingi za taabu kabla hazijatimia. Ndoto inayofungua matatizo na ndoto inayoyafuta kabla ya kifungua kinywa ni vitu viwili tofauti.

Sasa kisome hiki ujiondolee ile ladha mbaya: The Innocence of Father Brown ya G. K. Chesterton, cha mwaka 1911. Ni hadithi fupi kumi na mbili za padri mfupi, mpole, asiyetiliwa maanani na mtu. Katika hadithi ya kwanza askari mpelelezi anakaa mgahawani London, anatia sukari kwenye kahawa yake, kumbe kikopo cha sukari kimejazwa chumvi. Anaonja cha chumvi: sukari. Halafu anaoneshwa ukuta uliorushiwa supu. Anaanza kufuata alama hizo mtaa hadi mtaa, hajui nani anaziacha wala kwa nini. Siendelei. Nitakwambia tu kwamba padri huyu anawajua wahalifu kwa sababu amekaa miaka mingi akisikiliza watu wakiungama, na anajua kuwa hata yeye anaweza kuanguka. Imani yake ndiyo inayompa macho, na bado hakuna ndoto hata moja.

*Mpendwa dada, nina mabinti wawili, mmoja ana miaka 13 na mwenzake 19. Wote wanataka riwaya za mapenzi. Kila ninayemuuliza ananitajia Redeeming Love ya Francine Rivers. Niwanunulie? – Mama wa mabinti*

Mkubwa mpe, nawe kisome. Mdogo asubiri, na mweleze kwa nini anasubiri, usimfichie tu.

Rivers alikuwa tayari anaandika riwaya za mapenzi za kawaida kabla hajaokoka mwaka 1986. Redeeming Love ilitoka 1991, na toleo linalosomwa zaidi leo ni la 1997. Amechukua kisa cha nabii Hosea na Gomeri, mke wake asiye mwaminifu, akakipeleka California ya mwaka 1850, enzi za kukimbilia dhahabu. Angel aliuzwa danguroni akiwa mtoto. Michael Hosea, mkulima, anamuoa, naye anatoroka. Anamfuata. Anatoroka tena. Rivers hafuniki aliyotendewa yule mtoto, na hapo ndipo nasema kwa msisitizo: jalada zuri na neno “Kikristo” havimtoshi mama kama kibali. Binti wa miaka 13 atasoma mambo ambayo atahitaji mtu mzima karibu. Binti wa miaka 19 atakuuliza maswali mazito juu ya msamaha, na kama Michael alikuwa sawa kumfuata alipotoroka. Msimalize mjadala huo kwa siku moja.

Kwa mdogo, anzia kwa Janette Oke wa Kanada, kitabu chake Love Comes Softly cha 1979. Marty, mke kijana mwenye mimba, anafiwa na mumewe wakiwa safarini kwenda magharibi. Jirani mjane, Clark Davis, ana mtoto wa kike anayehitaji mama. Anamwomba amuoe, na anamwahidi kwamba majira ya kuchipua yakifika, akitaka kurudi kwao, atamlipia nauli. Nyumba anamwachia yeye. Mwenyewe analala kwenye kibanda cha pembeni. Sehemu kubwa ya kitabu ni hiyo: mwanaume anayetimiza neno lake siku baada ya siku, na mwanamke anayeanza kuliona. Wapo wanaosema kinakwenda polepole mno. Mimi nataka binti wa miaka 13 ajifunze mapenzi kwa mwendo huo huo.

Kuna aina moja ya riwaya za mapenzi za Kikristo ninayokuomba uikague kwa makini, na nyingine zimeandikwa kwa Kiingereza kizuri na kwa nia njema. Msichana anampenda kijana asiyeamini. Anajua hapaswi. Wanaendelea tu. Zikibaki kurasa kumi kijana anaokoka, tena ghafla, na wiki inayofuata ni harusi. Ni ile ndoto ya mpelelezi tena, imevaa shela. Tofauti ni kwamba hii inaingia kwenye maisha ya wasichana wetu, wanaanza kuamini kwamba ukimpenda mtu vya kutosha atabadilika kwa wakati unaokufaa wewe. Mwulize binti yako swali moja akimaliza kitabu: huyu kijana angeendelea kumfuata Kristo kama msichana angemkataa? Kama kitabu hakitoi jibu, mwandishi hakumaliza kazi.

*Mzee mmoja wa kanisa letu anasema riwaya ni uongo na Mkristo asizisome. Nimjibuje kwa heshima? – Kijana wa kwaya*

Msomee 2 Samweli 12. Nabii Nathani anamletea mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa mtu, kisa cha tajiri aliyemnyang’anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Tajiri huyo hakuwapo, wala yule kondoo. Daudi akawaka hasira, akahukumu, ndipo akaambiwa: “Wewe ndiwe mtu huyo.” Msomee taratibu, umwachie Biblia, usibishane.

*Ndugu mwandishi, mimi ni baba wa makamo, kazi yangu ni ya zamu za usiku. Napenda riwaya za taharuki, zile za kukufanya usahau saa. Lakini damu nyingi sipendi, na habari za mapepo zikizidi sitaki kuzisoma peke yangu usiku. Kuna kilichobaki? – Mlinzi*

Kipo kingi, kaka. Nianze na kile usichokihitaji kwa sasa: This Present Darkness ya Frank Peretti, ya 1986. Mchungaji na mhariri wa gazeti katika mji mdogo wanagundua njama, huku juu yao malaika na mapepo wanapigana, na nguvu za malaika zinategemea watu wanavyoomba. Ni kitabu kilichowafundisha wengi kuomba kwa bidii. Kina pia hatari yake, maana baadhi ya wasomaji walikifunga wakiwa wanajua zaidi juu ya mapepo wa Peretti kuliko yale Maandiko yanayosema. Kwa zamu yako ya usiku, kiache.

Chukua Dee Henderson, The Negotiator, ya mwaka 2000. Ni mwanzo wa mfululizo wa familia ya O’Malley: yatima saba waliokulia pamoja, wakaamua wenyewe kuwa ndugu na kutumia jina moja la ukoo. Kila mmoja kazi yake ni ya kuokoa watu kwa namna fulani. Kate ni askari anayezungumza na watekaji nyara hadi waachie mateka. Anaingia bila kupandisha sauti, na wewe ndiye unayeshika pumzi. Wakati huohuo dada yao mmoja, daktari wa watoto, ana saratani, na ndiye aliyeanza kuamini. Henderson hana haraka na Kate. Maswali yake juu ya Mungu ni ya mtu aliyeona watu wabaya kazini kila siku, na hayajibiwi kwa mstari mmoja wa Biblia.

Na ukiwa zamuni bila kitabu, fungua Esta uisome kama riwaya, kwa kikao kimoja. Mwandishi yule alijua kazi. Esta anasema “nami nikiangamia, na niangamie,” anaingia kwa mfalme bila kuitwa, mfalme anamnyoshea fimbo, anamuuliza haja yake. Wewe unasubiri aseme. Anasema nini? Anamkaribisha karamuni, yeye na Hamani, yule waziri aliyepanga kuwaangamiza Wayahudi, watu wa Esta. Karamuni anaulizwa tena, anasema njooni tena kesho. Usiku ule ule Hamani anasimamisha mti wa dhiraa 50 wa kumtundika Mordekai, mlezi wa Esta. Na usiku ule ule mfalme anakosa usingizi, anaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu, na ukurasa unaosomwa ni ule wa Mordekai aliyefichua njama ya kumuua mfalme. Hajawahi kulipwa. Asubuhi nani yuko uani? Hamani, amekuja kuomba kibali cha kumtundika Mordekai.

Jina la Mungu halitajwi hata mara moja katika Esta ya Kiebrania. Hakuna mahubiri wala malaika. Kuna mfalme aliyekosa usingizi tu, na bado sijakutana na msomaji aliyefika hapo akauliza Mungu yuko wapi. Ninapopima riwaya ya taharuki ya Kikristo, huwa naiweka kando ya sura hiyo ya 6.

Ukitaka kujitafutia mwenyewe baadaye, angalia orodha za washindi wa tuzo ya Christy, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 kwa ajili ya riwaya za Kikristo na kupewa jina la riwaya ya Catherine Marshall ya 1967. Si kila mshindi atakufaa, ila utapunguza kubahatisha.

*Mama, nimepewa kazi ya kupendekeza vitabu katika kikundi chetu cha usomaji kanisani. Safari iliyopita nilisifia riwaya moja kwamba ni tamu sana. Katikati yake mume wa mhusika anakufa, na tunaye dada aliyefiwa na mumewe karibuni. Aliondoka kikundini analia. Sasa naogopa kupendekeza chochote. – Katibu wa kikundi*

Usiache, mwanangu. Kikundi kinakuhitaji. Kilichokosekana ni taarifa, na taarifa inaweza kutolewa bila kuharibu utamu.

Watu wengi wakipendekeza kitabu hufanya moja kati ya haya mawili: wanasema “kitamu, utapenda,” ambayo haimsaidii mtu, au wanasimulia kisa chote. Wewe sema mambo haya: kitabu kinaanzia wapi, msomaji atakutana na uchungu gani, na imani imekaa vipi ndani yake. Mwisho usiuguse. Halafu wasomee ukurasa mmoja kwa sauti, wao wenyewe waisikie lugha.

Nikupe mfano. Mimi ningependekeza The Nine Tailors ya Dorothy L. Sayers, ya 1934, hivi: “Usiku wa mkesha wa mwaka mpya, theluji inaanguka, gari la mpelelezi Lord Peter Wimsey linatumbukia mtaroni karibu na kijiji kimoja cha Uingereza. Mchungaji wa hapo anampokea, na kwa kuwa mpiga kengele mmoja anaumwa, mgeni anaombwa ashike kamba apige kengele za kanisa usiku kucha. Miezi michache baadaye kaburi linafunguliwa ili mwenye nyumba kubwa azikwe kando ya mkewe, na ndani yake kuna maiti ya ziada. Mjue kwamba maiti hiyo imeharibiwa uso na mikono, na inaelezwa. Maelezo ya kengele ni marefu, mvumilie. Wimsey si mtu wa kuhubiri na hakuna anayeokoka. Lakini mwangalieni yule mchungaji msahaulifu maji ya mafuriko yanapokuja.”

Sayers alikuwa binti wa mchungaji, na katika hotuba ya 1942 alisema jambo la kwanza ambalo dini inamdai seremala ni atengeneze meza nzuri. Ndiyo maana kitabu hiki nakipeleka hata kwa wasiotaka kusikia neno “Kikristo” kwenye jalada.

Na yule dada, mpigie simu wiki hii, usingoje mkutano. Usimpelekee kitabu cha kumfariji, wengi wameshampelekea. Mwambie hukujua kwamba sura ile ingemuumiza hivyo, kisha muulize ni kitabu gani alikipenda zamani, kabla ya msiba. Akikutajia, hicho ndicho kikundi kisome mwezi ujao, na yeye aamue kama atakuja.