Mfumo mpya kazini? Usikimbilie kuacha kazi

Kuna msomaji kaniandikia juzi, ofisini kwao umeletwa mfumo mpya na tangu hapo kazi imekosa ladha, anauliza aache au avumilie. Ndugu yangu, umegusa kidonda.

Mimi nilikuwa huduma kwa wateja. Zamani mteja akipiga, tatizo lake ni lako mpaka liishe, mnajuana kwa majina. Ukaja mfumo wa tiketi, yaani kila tatizo la mteja linaingizwa kwenye kompyuta kama tiketi. Mmoja anapokea, mwingine anachambua, mwingine anajibu, na pembeni ya skrini kuna saa inahesabu, muda ukipita inageuka nyekundu na bosi anaiona huko aliko. Mteja analalamika ameshaeleza kitu hichohicho kwa watu watatu na mimi jicho liko kwenye saa. Wajanja wakashtukia mapema, wanafunga tiketi hata tatizo halijaisha, mteja akirudi inahesabiwa mpya, na mfanyakazi bora akatoka hukohuko kwa wajanja. Mpaka leo hasira haijaniisha, nisiwadanganye.

Wala sio jambo la jana. Mwaka 1951 watafiti Trist na Bamforth waliandika kuhusu wachimba makaa ya mawe Uingereza: mashine zilipoingia, vikundi vidogo vilivyokuwa vinamaliza kazi nzima vikavunjwa, kila zamu ikapewa kipande chake, utoro ukawa mwingi na makaa hayakutoka kama walivyotarajia. Tiketi zetu kabisa hizo!

Nilichofanya, nilianza kuandika kila tiketi iliyorudi, nikampelekea meneja orodha, bila maneno mengi. Kimya. Mfumo ulipokuja kubadilishwa ndo nikaitwa nikae na watu wa IT, nikadai tiketi ibaki kwa mtu mmoja mpaka mwisho, ikapita. Saa haikuondoka, ila ikawa tunaiona sisi wenyewe tu. Najisifu? Ndiyo, kidogo.

Basi na wewe acha kunung'unika kwenye korido. Ingia kwenye majaribio ya mfumo, hapo bado vitu vinabadilishika, wakishaulipia wote hakuna wa kukusikiliza. Uliza zile namba mfumo unazohesabu anaziona nani na zitatumika kwenye nini. Usipojibiwa uliza tena. Na nyie mnaotingisha kichwa siku ya mafunzo kama mmeelewa halafu mnakuja kulia kwangu, mnajijua.

Wakikataa hata kukuambia mfumo unapima nini, niandikie tena, hiyo barua ya kuacha kazi tutaiandika wote.